Chonge Ndefu Si Undugu

Mwaka 2020, kando ya mto Badyarikha huko Yakutia, kaskazini-mashariki mwa Siberia, ulipatikana mwili wa mnyama mchanga uliokuwa umeganda ardhini kwa zaidi ya miaka 35,000. Sehemu kubwa ya nyuma ilikuwa imepotea, lakini kichwa, shingo, kifua na miguu ya mbele vilibaki na ngozi yake, pamoja na manyoya mafupi ya kahawia iliyokoza. Wanasayansi wa Urusi walichapisha uchunguzi wao Novemba 2024. Walikadiria kwamba alikufa akiwa na umri wa kama wiki tatu, wakamlinganisha na mtoto wa simba wa umri huohuo. Masikio yake yalikuwa madogo zaidi, mdomo mpana zaidi, shingo nene sana na miguu ya mbele mirefu. Alikuwa Homotherium, mmoja wa paka wa meno ya jambia. Hadi wakati huo kundi hilo lote tulilijua kwa mifupa tu.

Anayemtazama kwa mara ya kwanza atasema huyu ni simba mwenye umbo la ajabu kidogo. Lakini kwa nasaba, simba yuko karibu zaidi na paka anayelala jikoni kuliko na huyu mtoto wa Badyarikha, tena kwa mbali sana. Jambo hilo linahitaji kuelezwa taratibu, maana ukishalielewa utaitazama upya karibu kila picha ya wanyama wa kale uliyowahi kuonyeshwa.

Tunapozungumzia undugu wa spishi hatuulizi nani anafanana na nani. Tunauliza: hawa wawili walikuwa na mzazi wa pamoja lini kwa mara ya mwisho? Simba na chui walitengana miaka milioni chache iliyopita. Simba na paka wa nyumbani wanakutana kwa mzazi aliyeishi zaidi kidogo ya miaka milioni 10 iliyopita. Hayo ndiyo makadirio ya Warren Johnson, Stephen O'Brien na wenzao, ambao mwaka 2006 walilinganisha vinasaba vya paka walio hai, jumla yao takriban spishi 40, wakawagawa katika koo nane. Ukoo wa kwanza kujitenga ni ule wa simba, chui, chui milia, jagwa, chui wa theluji na chui wa mawingu. Saba zilizobaki zilifuata baadaye. Simbamangu na mondo wamo katika ukoo mmoja, kimburu na paka wa nyumbani katika mwingine, na duma yumo pamoja na puma wa Amerika. Wengi hapa Afrika Mashariki hushangaa kusikia kwamba duma, pamoja na madoa yake yote, si ndugu wa karibu wa chui.

Sasa wachukue paka wote hao walio hai, kuanzia simba wa Serengeti hadi paka wa sokoni, uwaweke upande mmoja. Mtoto wa Badyarikha anakaa upande wa pili peke yake. Ukoo wake uliachana na wa hao wengine wote kama miaka milioni 20 iliyopita, na makadirio mengine yanafika milioni 22. Tawi lake wataalamu huliita Machairodontinae. Walikuwa paka halisi, ndani ya familia ya Felidae, na kwa mamilioni ya miaka walitawala Afrika, Ulaya, Asia na Amerika. Kisha wakaisha wote bila kuacha mzao hata mmoja. Ndiyo maana kuwaeleza kama "mababu wa simba" ni kosa. Simba hakutoka kwao.

Kilichowachanganya watu kwa muda mrefu ni chonge. Mwaka 1842 Peter Wilhelm Lund, Mdenmark aliyekuwa akichimba mapango ya Lagoa Santa nchini Brazili, alimpa jina Smilodon mnyama ambaye chonge zake za juu, zikipimwa pamoja na mzizi, zilikaribia sentimita 28. Baada ya hapo kila meno ya namna ile yalipoibuka mahali, kishawishi kilikuwa kuwaweka wenye nayo kapu moja na Smilodon. Na yaliibuka kweli, kwa wanyama ambao hawakuwa paka kabisa. Huko Argentina alikuwepo Thylacosmilus, wa jamaa ya wanyama wenye mfuko kama kangaruu, na chonge zake ziliendelea kukua maisha yake yote. Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia walikuwepo Nimravidae, waliofanana na paka kiasi cha kuitwa paka wa uongo. Na zamani zaidi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla hajazaliwa dinosaria wa kwanza, waliishi gorgonopsi, wawindaji wenye chonge za kutisha ambao mifupa yao hufukuliwa hadi leo katika bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania. Gorgonopsi hakuwa paka, wala hakuwa mamalia kamili.

Kwa nini umbo moja lijirudie hivyo? Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu jibu lake linaeleza pia kwa nini wataalamu wazuri walikosea.

Mnyama akiwa na chonge ndefu, mdomo hauna budi kuachama sana, la sivyo ncha za meno ya juu hazitaachana na taya la chini na hakuna nafasi ya kupitisha shingo ya windo. Simba huachama kiasi cha nyuzi 65 hivi. Hawa walihitaji kufika 90 au kuzidi. Ili taya lifunguke hivyo, sehemu ya mfupa inayoshikwa na misuli ya kutafuna lazima iwe fupi. Ikifupishwa, nguvu ya kuuma inapungua. Nguvu ikipungua, kichwa kizima lazima kishushwe kwa misuli ya shingo, hivyo shingo inanenepa na mifupa iliyo nyuma ya sikio, inakoshikilia misuli hiyo, inapanuka. Tena jino refu na bapa huvunjika kirahisi likisukumwa kutoka ubavuni, kwa hiyo windo lazima libanwe lisitikisike kabla ya kuumwa, na kwa hilo miguu ya mbele inatakiwa iwe minene yenye nguvu nyingi. Jambo moja limevuta mengine yote.

Basi mtaalamu wa zamani alipolaza mafuvu mawili mezani na kuhesabu alama kumi zinazofanana, alidhani amepata mashahidi kumi wa undugu. Kumbe alikuwa na shahidi mmoja aliyesema mara kumi. Alama zote zilitokana na chonge, na chonge zilitokana na namna ya kuua, si na mzazi wa pamoja.

Dawa ilikuwa kutafuta alama ambazo uwindaji hauzihusu. Chini ya fuvu, mahali pa sikio, kuna kibofu cha mfupa kinachofunika sehemu ya kati ya sikio. Kwa paka kibofu hicho kimegawanywa na ukuta mwembamba kuwa vyumba viwili. Kwa Nimravidae ukuta wa namna hiyo haupo. Ni kitu kidogo, hakivutii, hakiwekwi kwenye kabati la mbele la makumbusho, nacho ndicho kilichosaidia kuwatoa Nimravidae katika familia ya paka. Mimi huona hii ni moja ya kazi nzuri kabisa za anatomia: kuyaacha meno yanayoshtua na kwenda kutafuta ukweli ndani ya sikio.

Kisha wakaja watu wa vinasaba, na wao hawakuanza vizuri. Mwaka 1992 lilitolewa tangazo kwamba vipande vya vinasaba vya Smilodon vimepatikana katika mifupa kutoka mashimo ya lami ya La Brea, mjini Los Angeles, ambako mabaki ya Smilodon zaidi ya 2,000 yamefukuliwa. Matokeo yalimweka Smilodon katikati ya paka wa leo, si mbali na simba. Wasomaji wa mifupa hawakuridhika, na walikuwa na haki. Lami huharibu vinasaba, na katika miaka ile ilikuwa rahisi mno vinasaba vya mnyama mwingine kuingia katika sampuli. Mwaka 2005 Ross Barnett na wenzake walirudia kazi hiyo kwa mifupa iliyohifadhiwa kwenye baridi, Smilodon wa kusini mwa Chile na Homotherium wa Yukon nchini Kanada. Safari hii wote wawili walianguka nje kabisa ya kundi la paka walio hai. Mifupa ilikuwa imesema kweli, na vinasaba vya kwanza vilikuwa vimepotosha.

Mwaka 2017 Johanna Paijmans na timu yake waliongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Walisoma vinasaba vya Homotherium kadhaa, akiwemo mmoja ambaye taya lake lilivuliwa kwa nyavu kutoka chini ya Bahari ya Kaskazini, lenye umri wa miaka kama 28,000. Waliona kwamba Homotherium na Smilodon wenyewe waliachana kama miaka milioni 18 iliyopita. Hao wawili huchorwa katika vitabu kama ndugu wa toka nitoke, lakini walikuwa mbali zaidi kuliko simba na kimburu. Na mwili unakubaliana na hilo ukiutazama bila kuduwaa mbele ya chonge. Smilodon alikuwa mfupi, mzito, mwenye mkia mdogo na chonge ndefu sana. Homotherium alikuwa na miguu mirefu ya kukimbia, na chonge fupi zaidi, bapa, zenye makali ya msumeno. Mwaka 2020 jenomu ya Homotherium wa Yukon iliposomwa, zilionekana dalili za mnyama aliyeona vizuri mchana na kuvumilia mbio ndefu. Kuwaita wote wawili "paka wa meno ya jambia" ni sawa, mradi tukumbuke kwamba jina hilo linataja silaha kuliko linavyotaja nasaba.

Uchunguzi uleule wa 2005 ulimaliza ubishi mwingine unaotugusa sisi wenye duma. Amerika ya Kaskazini aliishi Miracinonyx, mwembamba, mwenye miguu mirefu, fuvu fupi na mapua mapana ya kuvuta hewa. Mifupa mizuri ya mnyama huyo imetoka katika pango moja la Wyoming. Mwaka 1979 alitangazwa kuwa duma kamili, wa jenasi ileile ya Acinonyx, na wengine wakaenda mbali zaidi wakisema duma asili yake ni Amerika na alihamia huku baadaye. Vinasaba vilionyesha kwamba ndugu wa Miracinonyx ni puma. Duma na puma ni ukoo mmoja, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa kwa duma, lakini umbo la mkimbiaji alilipata kivyake. Huenda alilipata kwa kumfukuza Antilocapra, mnyama afananaye na swala ambaye bado yupo Marekani na bado anakimbia kwa kasi isiyohitajika mbele ya mbwamwitu yeyote.

Swali la asili ya duma likapata pigo jingine baya. Mwishoni mwa 2008 lilichapishwa fuvu kutoka Linxia nchini China, likapewa jina Acinonyx kurteni na kusifiwa kuwa la duma wa kale kuliko wote, ushahidi kwamba duma walianzia Asia. Fuvu lile lilikuwa la kuundwa: vipande vya mifupa vilivyounganishwa na kujazwa plasta ili liuzwe ghali. Makala ilifutwa rasmi mwaka 2012. Soko la visukuku linapolipa kwa ukamilifu, ukamilifu utatengenezwa, na mti wa nasaba ya duma ulibeba tawi la uongo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kuhusu simba waliotoweka naweza kwenda haraka, maana mambo ni wazi zaidi. Simba wa mapango wa Ulaya na Siberia, aliyepewa jina mwaka 1810, aliwahi kudhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa karibu na chui milia. Simba wa Amerika, Panthera atrox, aliyepewa jina na Joseph Leidy mwaka 1853, alisemwa na wengine kuwa jagwa mkubwa. Vinasaba vimewarudisha wote wawili upande wa simba, wao kwa wao wakiwa karibu zaidi. Jenomu zilizochapishwa mwaka 2020 zinakadiria kwamba simba wa mapango aliachana na simba wa leo kama miaka 500,000 iliyopita, bila dalili kwamba walizaliana tena, ingawa makadirio mengine yanarudi nyuma zaidi ya miaka milioni moja. Simba waliochorwa na watu wa kale katika pango la Chauvet, Ufaransa, hawana manyoya marefu shingoni. Wale wachoraji waliwaona simba hao wakiwa hai, na sina sababu ya kutowaamini.

Hapa ndipo penye jambo linalonisumbua. Tazama majina ya mahali niliyoyataja kila vinasaba vilipotoa jibu: Siberia, Yukon, kusini mwa Chile, Bahari ya Kaskazini. Vinasaba hudumu kwenye baridi. Vya kale kabisa vilivyosomwa, vyenye umri wa miaka milioni moja hadi mbili, vimetoka Siberia na Greenland. Katika joto letu huvunjikavunjika ndani ya miaka elfu chache. Mti wa nasaba ya paka waliotoweka umechorwa kwa ushahidi wa nchi za barafu, na kwa sehemu kubwa kwa wanyama wa mwisho mwisho wa hadithi. Lakini sehemu kubwa ya hadithi yenyewe ilichezwa Afrika.

Huko Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliishi Lokotunjailurus miaka kama milioni 7 iliyopita, mrefu kama simba jike lakini mwepesi, mwenye ukucha mkubwa ajabu kwenye kidole cha kwanza cha mguu wa mbele. Lars Werdelin alimweleza mwaka 2003, na mwaka 2023 spishi nyingine ya jenasi hiyo ilitangazwa kutoka Langebaanweg, Afrika Kusini. Mnyama huyu yuko upande wa Homotherium, na huo ni ushahidi ambao vinasaba haviwezi kuutoa: ukimkuta mtu wa tawi fulani katika mwamba wa miaka milioni 7, unajua hakika kwamba tawi hilo lilikwishajitenga kabla ya hapo. Makadirio ya milioni 18 yanasimama au kuanguka kwa mifupa ya namna hii. Na kwa sasa kati ya makadirio hayo na visukuku vinavyotambulika wazi kuwa vya upande mmoja au mwingine, kuna pengo la miaka milioni kadhaa lisilo na mwenyewe.

Au mchukue Dinofelis. Mifupa yake imepatikana Koobi Fora na katika mapango ya Afrika Kusini, na alikuwepo Afrika hadi kama miaka milioni moja iliyopita, jirani wa mababu zetu. Mwili wake ulikaribia ule wa chui mzito au jagwa. Chonge zake hazikuwa ndefu kama za Smilodon, wala za mviringo kama za simba. Zilikuwa katikati, bapa kidogo. Kila msomi amemvutia upande wake. Wengi leo humweka ndani ya Machairodontinae, katika tawi la pembeni, nami nadhani wana hoja nzuri. Hata hivyo hoja hiyo inategemea sana umbo la meno, na tumekwisha kuona meno yanavyoweza kudanganya.

Hata simba mwenyewe ana fumbo hapa nyumbani. Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, palepale penye nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.66 iliyopita, kuna mifupa ya paka wa jenasi ya Panthera, miongoni mwa ya kale kabisa barani Afrika. Mwaka 2013 Panthera blytheae kutoka Tibet, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 4, alitangazwa kuwa karibu na chui wa theluji, na waliomchapisha wakasema ukoo wa simba na chui ulizaliwa Asia. Inawezekana. Lakini tofauti ya umri kati yake na wa Laetoli si kubwa kuliko bahati ya mfukuaji, na bara ambalo miamba yake ya wakati huo imechimbwa kwa uchache haliwezi kuhukumiwa kwa kukosa mifupa. Nadharia ya Asia niichukue kama dhana nzuri, si zaidi ya hapo.

Kisha kuna fuvu la Natodomeri, kaskazini-magharibi mwa Kenya, lililoelezwa mwaka 2018 na Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzake. Ni la simba wa miaka kama 200,000 iliyopita, linalolingana kwa ukubwa na mafuvu makubwa kabisa ya simba wa mapango. Je, alikuwa simba wa kawaida wa zama za wanyama wakubwa, au tawi la simba lililokatika bila sisi kujua? Fuvu moja halijibu, na vinasaba haviko.

Njia moja imeanza kufunguka. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba wamepata masalia ya protini ndani ya enameli ya meno ya mamalia wakubwa kutoka bonde la Turkana, mengine yenye umri wa miaka milioni 18, katika nchi ya joto ambako wengi walidhani hakuna kinachobaki. Protini hubeba habari chache kuliko vinasaba, na enameli ya paka ni nyembamba kuliko ya tembo au kifaru, kwa hiyo kazi haitakuwa rahisi. Pia lazima sehemu ya jino isagwe, na meno ya Dinofelis hayako mengi. Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningeanza na gego lililovunjika, lisilofaa tena kupimwa umbo, na swali langu lingekuwa moja: protini zake ziko upande wa Homotherium, au upande wa simba na kimburu? Uamuzi wa kulisaga au kulihifadhi uko mikononi mwa makumbusho za Nairobi na Pretoria, ambako mifupa yenyewe iko.